Kinanda cha Baba, Miguu ya Mama

Kaka yangu alinipigia simu Jumamosi moja asubuhi, nikiwa uani nafua. Yeye anaishi Ruangwa mjini, mimi niko Nachingwea na mama yetu.

"Njoo kesho, uje na mama," akasema. "Kuna wageni kutoka Dar wanataka kukiona kinanda cha baba. Wanakusanya vitu vya zamani vya kuweka kwenye maonyesho. Wanasema baba alikuwa mbunifu."

Neno hilo alilitamka taratibu, kama mtu anayeonja asali.

"Mbunifu wa nini?" nikamwuliza.

"Usianze, dada."

Nilikuwa nimeshaanza. Nilianza nikiwa na miaka kumi na moja, sasa nimepita hamsini, na sijamaliza.

Baba yetu alikuwa fundi wa kukereza mbao katika karakana moja pale Nachingwea. Miguu ya vitanda, miche ya vinu, vishikio vya nyundo, vyote alikuwa anavikereza yeye, na mpingo aliuelewa kuliko watu wengi. Mama alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikuwa ya miguu, yenye meza na pedeli ya chuma, na haikutoka kwa baba. Babu, yaani baba yake mzazi, alimnunulia kabla hajaolewa, mwaka ambao korosho zilikubali. Alikuja nayo kwenye ndoa. Ilikaa barazani, na kila mwezi wa kufungua shule watoto walipanga foleni hadi barabarani kupimwa sare. Kabla ya Idi walikuja watu wazima kupimwa kanzu. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa nimekaa chini ya meza ile, pedeli ikipanda na kushuka karibu na sikio langu. Mlio ule ulikuwa hauyumbi. Mama aliweza kuongea na wateja watatu huku miguu inakwenda vilevile.

Ilikuwa miaka ile betri zilipoadimika. Sukari haikuonekana, sabuni haikuonekana, na redio zikakaa kimya kwenye kabati zimefunikwa vitambaa. Baba alipenda muziki kupita kiasi. Alikuwa na santuri zipatazo ishirini, zile ndogo za wimbo mmoja kila upande, na hakuwa na cha kuzipigia. Siku nyingi alizitoa kwenye bahasha zake, akazifuta kwa kanga ya mama, akazirudisha.

Kisha mama akaenda Kiegei kwenye msiba wa shangazi yake. Alikaa siku tatu. Aliporudi, barazani palikuwa peupe. Kichwa cha cherehani kilikuwa kitandani, kimefungwa kwenye shuka. Miguu, pedeli, gurudumu, vyote vilikuwa karakana.

Nakumbuka alivyosimama pale mlangoni na furushi lake kichwani. Hakulishusha. Aliuliza tu, "Iko wapi?" Na mimi, kwa kuwa nilikuwa mkubwa kuliko kaka yangu, nikamwambia, "Baba kaichukua, anatengeneza kinanda."

Kinanda ndilo jina ambalo wazee wa kwetu walikiita kila chombo cha kupiga santuri. Hiki cha baba kilikuwa cha ajabu kweli, sitakataa. Alikereza sahani ya mpingo, nene kama kiganja kilivyo kipana, nyeusi, laini hadi unajiona ndani yake. Ilikuwa nzito, mimi sikuweza kuinyanyua. Chini yake alifunga mkanda wa ngozi uliopinda kutoka kwenye gurudumu la cherehani, ukapita kwenye vigurudumu viwili vya mbao, ukaizungusha sahani. Sindano ilikuwa ya cherehani, na sauti ilitokea kwenye bomba pana la bati alilolikunja mwenyewe kutokana na debe la mafuta ya kula. Hapakuwa na betri wala umeme. Unakanyaga, kinaimba.

Ila hakikuimba. Baba alikikanyaga, na mwimbaji akatoka kama mlevi anayepanda ngazi: anakimbia, anachoka, anakimbia tena. Baba akasema tatizo ni mkanda. Akabadilisha mkanda. Akasema tatizo ni gurudumu. Akalipiga tupa. Wiki mbili alishinda nacho uani, karakana haendi, anakanyaga na kutukana. Siku moja mama akapita na ndoo ya maji, baba akamwambia bila kumtazama, "Hebu kaa hapo ukanyage, mimi niangalie mkanda."

Mama akatua ndoo, akavua ndala, akakaa. Akaweka miguu yote miwili kwenye pedeli kama alivyozoea, mmoja mbele kidogo ya mwingine. Wimbo ukanyooka. Ukatoka safi, gitaa na sauti na kila kitu, hadi majirani wakasogea uani.

Baba akaruka juu. "Nimeweza!" akapiga kelele. "Nimeweza! Ilikuwa ni mkanda!"

Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu. Nimeweza. Mama alikuwa bado anakanyaga.

Baada ya hapo tukawa watu wa kualikwa. Arusi, jando, unyago wa mabinti, kila mahali walitaka kinanda cha fundi. Kilibebwa na wanaume wanne. Mama aliketi nyuma yake kwenye kigoda na kukanyaga kuanzia adhuhuri hadi jua linapozama, na baba alisimama mbele amevaa shati jeupe, akibadilisha santuri, akipokea sifa. Kwenye arusi ya mdogo wake mama wa tumbo moja, mama alikanyaga mchana kutwa. Wanawake wenzake walicheza mbele yake wakimzunguka bibi arusi. Mmoja akamvuta mkono aje acheze. Mama akainuka nusu, wimbo ukaanza kulegea, watu wakapiga mayowe, na baba akageuka na kumkazia macho. Akakaa chini tena. Mimi nilikuwa nimembeba kaka yangu mgongoni, nikaona yote.

Sasa baba akapata wazo la kuacha kazi karakana. Aliamini kila kijiji kitataka kinanda. Akazunguka kutafuta cherehani mbovu, akapata miguu ya sita zaidi, na kutwa nzima alikereza sahani za mpingo. Vinanda vikatoka. Kimoja kilikwenda Mbwemkuru, kimoja Kiegei, kimoja Mkotokuyana, vingine sikumbuki. Havikumaliza hata miezi miwili, vikaanza kurudi.

Mzee wa Mkotokuyana ndiye alikuwa wa kwanza. Alikuja na chake juu ya mkokoteni, akakitua mlangoni kwetu.

"Fundi, kinanda chako kinalewa," akasema.

"Mnakanyaga vibaya," baba akajibu.

"Sisi tunakanyaga kama ulivyotuonyesha wewe."

"Kanyageni sawasawa. Mbona kwangu kinaimba?"

Mzee akatupa macho kwa mama, aliyekuwa pembeni anachekecha unga. "Basi ungetuuzia na huyo," akasema. Wanaume waliokuja naye wakacheka. Baba naye akacheka. Hadi leo sijakisahau hicho kicheko cha baba.

Unajua alichofanya? Kesho yake alimpakia mama kwenye baiskeli, akampeleka Mkotokuyana kumfundisha mke wa yule mzee kukanyaga. Mama alikaa kule wiki nzima. Yule mwanamke alikuwa mkulima, hajawahi kuigusa cherehani maishani. Mama alitusimulia aliporudi kwamba siku ya tatu mwenzake aliondoa miguu kwenye pedeli, akasema, "Dada, mimi nina shamba la ufuta na watoto watano. Akitaka nyimbo, akanyage mwenyewe." Mama alicheka wakati anasimulia. Baba hakucheka. Alisema wanawake wa Mkotokuyana ni wavivu.

Kumbe kosa lilikuwa wazi kama jua. Chombo chake kilihitaji miguu ya mtu aliyekaa miaka kumi kwenye cherehani. Aliuza mbao, chuma na bati, akasahau kwamba nusu ya kinanda imebaki nyumbani inapika ugali. Angejiuliza swali moja tu, kwa nini kwangu kinaimba na kwao hakiimbi, angelijua. Angeweza hata kuweka kitu cha kushika mwendo, mafundi wanavijua vitu hivyo. Lakini kujiuliza swali lile kungemlazimisha kutazama nyuma ya kinanda nani amekaa, na hilo hakulitaka. Isitoshe, ile sindano ya cherehani ilikuwa inakula santuri. Ukipiga wimbo mara thelathini, santuri inakuwa ya kijivu na mwimbaji anakauka koo. Nalo alisema ni kosa la santuri.

Vinanda vyote sita vikarudi. Vikapangwa ukutani uani, kuku wakatagia chini yake. Na hapa ndipo penye hasira yangu yenyewe, mengine yote ningeweza kuyasamehe. Jozi saba za miguu ya cherehani zilikuwa nyumbani kwetu. Saba! Kichwa cha cherehani ya mama kilikuwa chumbani, bado kizima, kimefungwa shuka. Mama alimwomba arudishiwe jozi moja. Si saba. Moja.

"Nimeshazitoboa," baba akasema. "Na bado naviboresha. Subiri."

Alisubiri. Mvua ikaja, paa likavuja, kichwa kikashika kutu hadi gurudumu lake halikugeuka tena. Mama akashona kwa mkono, akikaa barazani mahali palepale pa zamani, na wateja waliokuwa wanapanga foleni wakaenda kwa fundi mwingine sokoni. Msimu wa ufuta alikwenda kuvuna kwenye mashamba ya watu. Sare yangu ya darasa la sita ilishonwa kwa mkono, na mishono ilikuwa mikubwa, kwa kuwa alikuwa akirudi shambani macho yamechoka. Siku ya ukaguzi mwalimu aliniita mbele ya mstari, akashika upindo wa sketi yangu, akauliza kwa sauti, "Wewe si ndiye mtoto wa fundi cherehani?" Shule nzima ikacheka. Sikulia. Nilirudi nyumbani nikaenda moja kwa moja uani, nikakipiga teke kinanda kimoja hadi ukucha ukang'oka.

Betri zikarudi madukani, zikaja redio za kaseti. Hakuna aliyeulizia tena kinanda cha miguu. Baba alirudi kukereza miche ya vinu, akawa mtu wa maneno machache na makali, akilaumu wanunuzi, akilaumu nyakati. Vinanda alivivunja kimoja kimoja, vikawa kuni na chuma chakavu, akabakiza kile cha kwanza. Alipozeeka alihamia kwa kaka yangu Ruangwa, akaenda nacho, na huko ndiko alikofia.

Basi hiyo Jumapili tulikwenda. Mama magoti yanamsumbua, nilimfunga bandeji, tukapanda Noah ya abiria asubuhi. Wageni walikuwa wawili: msichana mwenye daftari na kijana mwenye kamera. Walikuwa na adabu, waliamkia vizuri. Kinanda kilikuwa kimefutwa vumbi, kimewekwa katikati ya sebule, na ile sahani ya mpingo inang'aa kama zamani. Kaka yangu alikuwa amevaa shati jeupe.

Aliongea saa nzima. Baba aliona mbali, baba alishinda ukosefu wa betri, baba hakueleweka na watu wa wakati wake. Msichana aliandika. Mimi niliuma meno. Kisha kijana akasema, "Tungependa kukisikia."

Kaka akakaa, akakanyaga. Mlevi yuleyule akaanza kupanda ngazi. Kijana akajaribu, ikawa mbaya zaidi.

"Dada yangu anaweza," kaka akasema. "Alifundishwa ushonaji."

Ni kweli, naweza. Mama alinifundisha kwenye cherehani ya jirani.

"Sitaki," nikasema.

"Dada, wageni hawa."

"Nimesema sitaki. Mwambie baba akanyage."

Wifi yangu, mke wa kaka, akajifanya anapanga vikombe. Ndipo mama, aliyekuwa kwenye kochi, akauliza, "Wanataka kusikia?" Nikamwambia, "Mama, kaa, magoti." Hakunisikiliza. Alisogea kwa kushika viti, akavua ndala, akakaa, akaweka miguu kwenye pedeli.

Wimbo ukanyooka.

Santuri ilikuwa imechakaa, sauti ilikuwa ya mbali na yenye mikwaruzo, lakini mwendo ulikuwa wa saa. Mama alikohoa mara mbili, miguu haikukosea. Msichana aliweka kalamu chini. Kaka yangu aligeuza uso ukutani. Hata mimi kwa dakika moja nilidhani sasa wataona.

Kijana akainama na kamera yake, akasogea kulia, akasogea kushoto, kisha akasema kwa upole kabisa, "Samahani bibi, unaweza kusogea kidogo nyuma? Kanga yako inaziba mbao."

Na mama akasogea. Akakusanya kanga yake mapajani, akajikunja, akaendelea kukanyaga.

Wiki mbili baadaye kaka alituma video kwenye kundi la familia. Dakika tatu. Inaonyesha sahani ikizunguka, bomba la bati, picha ya baba ya kitambulisho, na miguu ya kaka yangu, yenye viatu vya ngozi, ikikanyaga pedeli. Wimbo unasikika safi. Nikasogeza simu sikioni. Katikati ya wimbo nikasikia kikohozi, mara mbili. Miguu ni ya kaka, sauti ni ya mama. Mama mwenyewe hayumo, hata kidole.

Nilimpigia yule msichana papo hapo.

"Mlimkata mama yangu," nikamwambia.

"Hapana, mama, hatukumkata. Picha zake zilikuwa na giza kidogo."

"Sauti yake haikuwa na giza?"

Nikamweleza yote, kuanzia Kiegei hadi sare ya darasa la sita. Sikupunguza kitu wala sauti. Alisikiliza, hilo nampa. Akasema ni kweli, hawakujua, watarekebisha maandishi ya pale kwenye maonyesho. Nikamwamini.

Kinanda kikachukuliwa, kaka alikitoa bila kutuuliza. Mwezi uliofuata msichana akanitumia picha ya kibao walichokiweka pembeni yake. Kilisema kimetengenezwa na fundi mbunifu wa Nachingwea, "akisaidiwa na mkewe."

Akisaidiwa. Nilikuwa kazini hospitalini, nikatoka nje ya wodi nikasimama juani nikilisoma neno hilo tena na tena. Kama vile mama alishika taa. Kama vile alimletea maji ya kunywa. Nilimwandikia msichana kwamba waondoe kibao kizima au waandike ukweli: kwamba cherehani ilikuwa ya mke, ilichukuliwa bila idhini yake, na hakuna mtu mwingine aliyeweza kukipiga. Hajanijibu. Kaka yangu ndiye aliyejibu.

"Unamchafua marehemu," akasema kwenye simu. "Unataka watu wamwone mwizi?"

"Nataka wamwone mama."

"Mama mwenyewe halalamiki!"

Hilo ndilo lililoniuma. Jioni ile nilimkuta mama barazani anapukuchua mbaazi, nikakaa chini karibu naye.

"Mama, alipochukua cherehani yako, hukukasirika?"

Hakuinua kichwa. "Nilikasirika. Siku nne sikumpikia."

Nikakumbuka. Siku zile tulikula kwa mama mdogo, tukaambiwa mama anaumwa.

"Halafu?"

"Halafu akaniambia nikae nikanyage. Nikakanyaga, kikaimba. Nikafurahi." Akapuliza maganda. "Nilijua ni mimi. Hata yeye alijua. Kila siku nilingoja aseme."

"Hakusema?"

"Hakusema." Akaendelea kupukuchua, kisha akanigeukia, na macho yake hayakuwa ya bibi mpole hata kidogo. "Ila hasira hiyo ni ya kwangu, mwanangu. Mimi najua ninavyoibeba. Wewe usiende kugombana na kaka yako halafu ukasema ni kwa ajili yangu. Gombana kwa ajili ya sketi yako."

Alikuwa amenipata.

Kaka alikuja Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya mchana, na kiroba cha karanga. Tulikuwa hatujazungumza tangu simu ile ya msimu wa ufuta. Alimsalimia mama, akakaa karibu naye, akamkanda magoti kwa dawa aliyoinunua Ruangwa. Nikapika chai, nikaiweka mbele yake. Akasema, "Asante, dada." Nikasema, "Karibu." Waliongea habari za watoto wake na bei ya korosho, na mama alicheka mara moja. Alipoondoka nilimsindikiza hadi barabarani kama inavyotakiwa. Akapanda bodaboda, akafungua mdomo kama anataka kusema neno, na mimi nikamngoja aliseme. Akafunga helmeti, akaondoka.

Nikarudi nikaosha vikombe. Kimoja nilikisugua kwa nguvu hadi kishikio chake kikakatika.